Biti Ikichopoka: Mazungumzo na Mafundi wa Wiyoni Kuhusu Koleti

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya maseremala, wachongaji na vijana wanaojifunza ufundi, Wiyoni, kisiwani Lamu. Tunayachapisha kwa ombi la waliohudhuria na la wale waliokosa nafasi ya kuketi.)

 

 Nashukuru kwa mwaliko na kwa kahawa. Najua wapo waliotarajia kuona fundi akisimama hapa, na badala yake amesimama binti mwenye kamera shingoni. Mimi ni mwanahabari. Kazi yangu ni kuandika, kupiga picha na kuwafukuzia wakubwa taarifa kabla jarida halijaenda kuchapishwa. Sijawahi kuchonga hata mwiko. Nimekuja kuzungumza juu ya kifaa kidogo cha chuma kiitwacho koleti kwa sababu moja tu: niliwahi kusababisha hasara kwa kutokijua, na karibu nisababishe msiba.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Mombasa kikazi. Mtoto wa ami yangu, ambaye ni mchongaji wa milango, akanipigia simu. "Dada, ukirudi niletee biti za ruta, za robo inchi." Nikaandika. Nilipofika dukani muuzaji akanitolea pakiti ya biti kumi na mbili, akasema hizi ni za milimita sita, robo na sita ni kitu kimoja. Mimi niliyefundishwa chuoni kuhakikisha kila neno mara mbili kabla ya kulichapisha, sikuuliza swali la pili. Nililipa, nikapanda basi, nikafika Mokowe, nikavuka.

Biti zilishika. Ubaya wa jambo hili uko hapo hapo: zilishika. Nati ilikazwa kwa spana, ikakaza. Siku ya kwanza alifanya kazi kwenye mbao laini na hapakuwa na tatizo. Siku ya pili akaingia kwenye ubao wa mbambakofi, bamba la katikati la mlango wa mteja, kazi aliyokuwa ameifanya kwa mkono wiki mbili na sasa alitaka kusafisha tu mfereji wa pembeni. Mfereji ulitakiwa uwe na kina cha milimita tano. Alipoinua ruta kutazama, mwisho wa mfereji ulikuwa umezama karibu milimita tisa. Biti ilikuwa ikiteremka taratibu, yeye akisukuma mbele bila kujua. Bamba likaharibika. Hakuna gundi wala unga wa mbao unaorudisha kitu kama hicho, na mbambakofi hatuokoti ufuoni.

Basi akafanya wanavyofanya wengi. Alikata kipande cha kopo la soda, akalizungushia shina la biti, yaani ile sehemu ya nyuma isiyokata, akaikaza tena. Alasiri hiyo nilikuwepo, nimeenda kumpiga picha kwa ajili ya makala ya jarida. Ruta ikawashwa. Sauti yake ilibadilika ghafla, ikawa kama mlio wa nyigu, halafu kitu kikapita. Tulisikia tu kishindo ukutani. Biti ilipiga ukuta wa matumbawe ikabandua chokaa na kuanguka chini bado ina moto. Kijana wa kazi alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye njia ile. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Picha sikupiga. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza. Nimewauliza wenye mashine za kukereza, mafundi wa injini za boti, wanaouza vifaa, na nimesoma. Nitakayowaambia ni yale niliyoyathibitisha.

Nianze na kitu mnachokijua kuliko mimi. Ami yangu, Mungu amrehemu, alitoboa kwa keke. Wazee mlioko mbele mnaikumbuka: kekee, yaani chuma chenyewe kinachotoboa, msukano, mti unaoshika kile chuma, jivu, kishikio cha juu ambacho msukano huzunguka ndani yake, na uta wa kuuzungusha, mbele na nyuma. Mitepe ya pwani yetu, vile vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigwa misumari, ilihitaji matundu mengi ajabu, nayo yalitobolewa kwa vifaa vya namna hii. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza ami kwa nini chuma hakitoki kwenye mti. Akanionyesha: mkia wa chuma umechongoka. Unagongwa ndani ya msukano, na kila unapokandamiza keke kutoboa, mkia unazidi kuingia. Kazi yenyewe ndiyo inayokaza.

Ni hesabu ile ile ya kabari. Mnaoshughulika na vyombo huko Matondoni na kwingineko mnajua nguvu ya kabari: ukigonga upande mmoja kidogo, inasukuma pembeni kwa nguvu kubwa kuliko uliyoitia. Jembe la zamani ambalo mkia wake umepenyezwa kwenye tundu la mpini linashika kwa njia hiyo hiyo.

Sasa chukua kabari hiyo uizungushe iwe duara. Hiyo ndiyo koleti.

(Hapa msemaji aliinua koleti mkononi na kuipitisha kwa waliokaa mbele.)

Itazameni inapopita kwenu. Ni bomba fupi la chuma cha springi. Ndani tundu lake limenyooka na ni laini. Nje imechongoka kama bilauri, huku pana, huku nyembamba. Na imepasuliwa kwa urefu, hii ina mipasuo kadhaa, kwa hiyo bomba limekuwa kama vidole vilivyokusanyika. Mahali inapokaa, kwenye ncha ya shafti ya mashine, pamechimbwa kwa mchongoko unaofanana nao. Ukikaza nati, nati inaisukuma koleti iingie ndani. Haina pa kwenda ila kujibana. Vidole vyote vinafunga pamoja, kwa kiasi kimoja, kuzunguka shina zima la biti.

Neno lenyewe limetoka Kifaransa, na maana yake ni ukosi mdogo, kama ukosi wa shati. Sina haja ya kulitafsiri, mafundi wengi mnasema koleti na mnaelewana.

Swali aliloniuliza kijana mmoja tulipokuwa tukipanga viti ni zuri: mbona drili haina koleti, ina kile kichwa chenye meno matatu mnachokiita chaki, na inafanya kazi? Ni kweli. Chaki ina faida kubwa: inapokea biti nyembamba na nene, zote kwa kichwa kimoja. Lakini hebu tazameni inavyoshika. Meno matatu, sehemu tatu nyembamba. Kwa kutoboa inatosha, kwa sababu unasukuma moja kwa moja na drili inazunguka polepole. Ruta haisukumwi moja kwa moja. Inakwenda kando, inakula mbao kwa ubavu wake, na kila jino la biti linapogonga mbao linaitikisa biti ndani ya kishikio chake. Ndiyo maana nawasihi mnaofunga biti za ruta kwenye drili ya mkono ili kuokoa pesa, acheni. Chaki ya drili haikutengenezwa kusukumwa kwa ubavu. Hulegea, na kwenye drili nyingine za kusimama chaki nzima huweza kuanguka ikiwa bado inazunguka.

Halafu kuna mwendo. Ruta nyingi za mkono hufikia mizunguko 24,000 kwa dakika, nyingine zaidi. Gawanyeni kwa sitini: ni mizunguko 400 kwa sekunde. Ukitamka neno "moja", imeshazunguka mara mia nne. Biti yenye upana wa milimita 25 ikizunguka hivyo, ukingo wake unakwenda kama kilomita 113 kwa saa. Basi la abiria sheria inalitaka lisizidi 80. Kwa hiyo chuma kilichoko mbele ya tumbo lako kinakimbia kuliko basi la Mombasa, na kinachokizuia kisikujie ni huo ukosi mdogo unaopita mikononi mwenu sasa hivi. Ndiyo sababu biti pana sana hazizungushwi kwa kasi ya juu. Zile za upana wa milimita 50 na zaidi huteremshwa hadi mizunguko kama 10,000 au 12,000. Kama ruta yako haina swichi ya kupunguza mwendo, biti hizo si zako.

Turudi kwenye dhambi yangu. Robo inchi ni milimita 6.35. Biti nilizonunua zilikuwa milimita 6. Tofauti ni milimita 0.35. Chukua karatasi za kawaida za ofisini, panga tatu na nusu, ndiyo hiyo tofauti. Ni ndogo mno kwa jicho. Ukiitia biti kwenye koleti inaingia vizuri, hata kwa raha zaidi. Ukikaza nati inakaza. Lakini vidole vya koleti vimechongwa kwa duara la 6.35. Vikibanwa juu ya duara dogo zaidi, havikumbatii tena. Kila kidole kinagusa kwa mstari mmoja mwembamba, na kwa kuwa vimeinama kupita kiasi, vinashika upande mmoja tu wa urefu wao. Ni kama kumvisha mtoto kiatu cha babake: kaza kamba utakavyo, mguu bado unatembea ndani.

Mtu akinielewa jambo moja leo, na liwe hili. Ugumu wa nati mkononi mwako haukuambii kama biti imeshikwa. Nati hukaza hata pale koleti inapogusa kidogo tu. Kinachokuambia ni kipimo.

Na kwetu Kenya vipimo vimechanganyika. Mbao tunanunua kwa futi na inchi, mbili kwa nne, sita kwa moja, unga kwa kilo, kitambaa kwa mita. Mashine zinakuja kutoka kila upande wa dunia, nyingine zimetengenezwa kwa inchi, nyingine kwa milimita, na zote zinawekwa rafu moja. Ruta moja inakuja na koleti ya milimita 6 na 8, nyingine ya robo na nusu inchi. Nusu inchi ni 12.7, nayo huchanganywa na 12. Hapo tofauti ni 0.7, mbaya mara mbili ya ile yangu. Na kinyume chake pia kipo: biti ya 6.35 haiingii kwenye koleti ya 6, basi mtu anachukua tupa na kulisugua shina, au anagonga kwa nyundo. Shina lililosuguliwa si duara tena. Hiyo biti imekufa, hata kama makali yake bado mapya.

Kopo la soda, karatasi ya msasa, utepe wa umeme, vyote hivi nimeviona kwenye karakana zetu. Vipo vishikizi vya kupunguza vilivyotengenezwa kiwandani kwa kipimo sahihi, vyenye mpasuo wao, na ruta nyingi huuzwa navyo. Hivyo ni halali. Kopo si kishikizi. Ni kilainishi.

Kuna aina nyingine ya koleti ambayo vijana mtaikuta kwenye mashine za kompyuta za kuchonga. Huitwa ER, na ilitengenezwa na kampuni ya Rego-Fix ya Uswisi miaka ya 1970. Leo imeenea dunia nzima na ina kiwango chake cha kimataifa. Yenyewe ina mipasuo pande zote mbili, inayopishana, hivyo inajibana sambamba na kwa upana zaidi. Koleti nyingi za ER huweza kufunga milimita moja nzima: ile iliyoandikwa 7 hushika kuanzia 7 hadi 6. Kwa hiyo shina la robo inchi linaingia kwenye koleti ya 7, kamwe si ya 6. Hata hivyo hushika vizuri zaidi shina likiwa karibu na ile namba ya juu. ER11 hushika hadi milimita 7, ER20 hadi 13. Na ina ada yake: koleti ya ER hubanwa kwanza ndani ya nati mpaka isikike "tik", ndipo nati ifungwe kwenye mashine. Ukiitia koleti kwenye shafti halafu ukafunga nati juu yake, itakaa upande na biti itayumba, na siku ya kufungua koleti itabaki ndani.

Sasa niseme machache ya mkono, nikitumia ruta hii hapa. Stima imechomolewa, mmeiona.

Biti inaingia mpaka chini, kisha unairudisha nje kidogo, milimita mbili au tatu. Ikigusa chini kabisa, wakati unakaza nati koleti inataka kuingia pamoja na biti, biti haina pa kwenda, na mkazo unaouhisi ni wa uongo. Wala usiitoe nje mno ukitafuta kina zaidi. Koleti ishike shina kwa urefu wake wote, na kwa biti nyingi ndogo hiyo ni kama milimita 20. Kama mfereji unahitaji kina zaidi, nunua biti ndefu.

Usikaze nati koleti ikiwa tupu. Vidole vinajikunja kupita mahali pake, na havirudi sawasawa.

Halafu kufungua. Hili ndilo linalovunja koleti nyingi, naamini kuliko kazi yenyewe. Unalegeza nati, inalegea, unaizungusha kwa vidole, halafu inakaza tena. Wengi hapo wanafikiri imekwama, wanachukua nyundo. Haijakwama. Kwenye ruta nyingi nati hulegea mara mbili: mara ya kwanza imeacha kusukuma, mara ya pili inaanza kuivuta koleti itoke kwenye mchongoko wake. Rudisha spana, endelea kidogo, itaachia. Nyundo ya nini?

Na usafi. Vumbi la mbambakofi na la msaji lina utomvu. Linaingia kwenye mipasuo, linachomeka, linakuwa kama lami. Koleti haifungi sawasawa tena, biti inateleza, ikiteleza inapata moto, moto unachoma utomvu zaidi. Itoe koleti, sugua mipasuo na ndani kwa brashi laini, futa. Sisi watu wa kisiwani tuna adui wa pili, hewa ya chumvi. Kutu kidogo tu ndani ya tundu inatosha kuharibu mshiko. Wengine hupaka mafuta. Kwa kuhifadhi, sawa, nje. Lakini ndani ya tundu na kwenye shina la biti pawe pakavu kabisa kabla ya kazi. Ukiona shina la biti lina mistari ya kahawia au mikwaruzo ya duara, hiyo ni barua. Inasema: niliteleza. Biti na koleti zote mbili ziwekwe kando zipimwe. Koleti huchoka, springi yake huisha, na ikichoka hununuliwa nyingine. Bei yake hailingani na bamba la mlango, sembuse jicho.

Nimezungumzia sana kushika kinachokata. Koleti pia hushika kinachokatwa, na huku ndiko ilikopata heshima kwanza. Lugha yetu ina neno kereza tangu zamani, na miguu ya vitanda vya Lamu iliyokerezwa iko kwenye majumba mengi ya mji huu na kwenye jumba la makumbusho. Mashine ya kukereza chuma kwa kawaida ina kichwa cha meno matatu au manne. Kinashika karibu umbo lolote, lakini kinaacha alama, na kitu ukikitoa ukakirudisha hakikai tena katikati kama mwanzo. Mafundi wa saa wa karne ya 19, hasa wale wa Waltham kule Massachusetts, Marekani, walikuwa wakikereza vyuma vyembamba kama sindano. Meno matatu yangevikunja. Wakatumia koleti. Inashika duara zima kwa upole, inarudia katikati kila mara, na fimbo ndefu ya shaba inaweza kupitishwa ndani ya shafti, ukakata pini moja, ukalegeza, ukasukuma, ukakata nyingine. Kwa pini mia zinazofanana hakuna njia nzuri kuliko hiyo. Ila koleti inataka duara la kipimo chake, au pembe nne au sita kama imetengenezwa hivyo. Mti mbichi uliotoka shambani hauna habari nao.

Ndugu zangu wa boti na pikipiki mmekaa kimya huko nyuma mkifikiri leo ni siku ya maseremala. Nanyi mna koleti. Ukifungua kichwa cha injini, juu ya kila valvu kuna springi, juu ya springi kuna kisahani, na katikati yake vipande viwili vidogo vya nusu duara vilivyochongoka. Mafundi wa injini wanaviita koleti, na ni sahihi, ni hesabu ile ile ya kabari. Springi inasukuma kisahani juu, kisahani kinavibana vile vipande, navyo vinaing'ang'ania valvu. Ni vidogo kama kucha. Kimoja kikiachia injini ikiwa mbioni, valvu huweza kutumbukia ndani ya silinda na kugongana na pistoni. Kwa pikipiki hiyo ni hasara. Kwa boti iliyoko katikati ya mlango wa bahari, upepo wa kusi unavuma, na abiria wamo, sina haja ya kuwaambia. Vikidondoka mchangani wakati wa matengenezo, msiokote vya injini nyingine mkavibana kwa sababu "vinafanana". Nimeshawaeleza kilichonipata kwa kitu kilichofanana.

Kuna mzee amenyoosha mkono kuuliza kama hizi mashine za kompyuta hazitawaondoa wachongaji. Mzee wangu, sitakudanganya kwa kuwa niko kwenye jukwaa la kaunti. Zipo tayari, zinachonga milango, na wateja wengine hawaoni tofauti. Mimi naiona, na naamini aliyekulia kwenye mji ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 ataiona pia. Lakini kijana anayejua kushika patasi na pia anajua koleti ya ER20 inafunga wapi na wapi, huyo ana kazi mbili. Na tangu gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilipofunguliwa tarehe 20 Mei 2021, palipo meli na mitambo pana shafti, bushi na pini za kukereza. Kazi hizo zitaendeshwa na mtu. Ningependa awe wa hapa.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikuandikiwa viwanda vikubwa peke yake. Mwenye karakana aliyeajiri hata kijana mmoja ana wajibu juu yake. Miwani ya kukinga macho, kinga ya masikio, kinga ya vumbi. Kijana wa kazi asisimame kwenye mstari wa biti, asimame nyuma ya fundi. Kanzu, kikoi kinachoning'inia na mikono mipana ya nguo hapana, hata ikiwa ni siku ya joto. Na kabla ya kugusa nati, chomoa waya ukutani. Swichi peke yake haitoshi. Mtu akipigwa na chuma kilichoingia mwilini, msikivute. Mfungeni kisitikisike, mpelekeni King Fahd. Kutoka Wiyoni si mbali, na kwa jicho, dakika zina thamani.

Mtoto wa ami yangu bado anachonga. Zile biti kumi na mbili hakuzitupa. Alitafuta koleti ya milimita 6 inayokubaliana na ruta yake, akaipata baada ya kuulizia kwa miezi, na sasa anazitumia. Kila anaponiona hunihesabia bamba lile la mbambakofi, nami nimekubali deni.

Mezani pale nimeweka kalipa mbili za kupimia, nimeziazima, na ubao wa kuandikia. Kila aliyekuja na ruta, drili au grainda yake aje na biti zake pia. Tutapima shina, tutapima koleti, tutaandika namba kwa rangi kwenye boksi lako: 6 au 6.35, 12 au 12.7. Zisizokubaliana tutazitenga. Tuanze na mama yangu aliyekaa dirishani, ameniambia alizobeba ni za marehemu mumewe na hajui ni za inchi au za milimita.